Makaburi Yetu Hayana Msemaji

Mwaka juzi, siku ya Ijumaa baada ya sala, nilikwenda kuwazuru wazee wangu katika makaburi ya zamani yaliyo pembezoni mwa mji wa Tabora. Njia naijua tangu utotoni: unapita miembe mikubwa, unaacha kisima mkono wa kushoto, kisha unaingia vichakani. Nilipofika nikakuta bikoni. Ilikuwa ya zege, bado mpya, imesimikwa katikati ya matuta mawili ya makaburi, na juu yake imeandikwa nambari kwa rangi nyekundu. Hatua ishirini mbele kulikuwa na nyingine. Kijana mmoja aliyekuwa akichunga mbuzi hapo alinipa shikamoo kwa adabu, nami nikamwuliza bikoni hizi ni za nani.

"Ni viwanja, babu. Vimeshapimwa."

"Na makaburi haya je?"

Akatazama huku na huko, akatafuta kweli kweli, kisha akasema, "Hapa hakuna makaburi, babu. Ni mawe tu."

Sikumkasirikia. Kijana yule hakuwa mwongo wala hakuwa na dharau. Alisema alichokiona. Nambari ya kiwanja ilisomeka kutoka mbali, bali jina la marehemu hata mmoja halikusomeka hata ukipiga magoti. Na mimi niliyekuja kuwazuru wazee wangu, nikiwa na ubani mfukoni na Yasini moyoni, nilisimama mbele ya matuta manne nisijue lipi ni la babu yangu.

Nataka niseme wazi tangu mwanzo ninamlaumu nani. Simlaumu mpima ardhi peke yake. Yeye aliingia na ramani yake akakuta mahali ambapo kwenye karatasi hapana mwenyewe. Nawalaumu wenyeji wa Tabora, wa Urambo, wa Ujiji na wa njia nzima ya misafara hadi Mpwapwa, nami nikiwa wa kwanza wao. Tumekaa na makaburi ya mababu zetu zaidi ya miaka mia na hamsini, tumejenga misikiti na makanisa, tumesomesha watoto, tumeandika katiba za vyama vya kuzikana, lakini hatukuandika waliozikwa ni nani na wamelala wapi. Sasa ardhi imepanda bei, na maiti hawana msemaji.

Hebu tuwakumbuke kwanza waliolala katika njia hii, maana wengi wetu tumesahau hata hilo. Burton na Speke walipofika Kaze mwezi wa Novemba 1857, walikuta Waarabu wamekwisha kujenga tembe zao na Unyanyembe imekuwa kituo kikuu cha bara. Kutoka Bagamoyo hadi hapa, na kutoka hapa hadi Ujiji, kila mwaka watu kwa makumi ya maelfu walipita wakiwa na mizigo ya frasila mbili begani: pembe zikishuka pwani, nguo, shanga na baruti zikipanda bara. Walikuwamo wapagazi Wanyamwezi waliojiajiri wenyewe na kuona fahari kufika pwani. Walikuwamo pia waliofungwa minyororo, waliotolewa Manyema na nchi za maziwa. Ndui iliwaua wote bila kuchagua. Wakati wa kiangazi kule Mgunda Mkali kiu iliwaua, na wakati wa masika wakauawa na homa na kuhara.

Burton, ambaye kwa kawaida hakuwa na maneno mazuri juu ya watu wetu, aliandika jambo moja ambalo kila nikilikumbuka hunitoa machozi. Alisema kwamba Mnyamwezi akifia ugenini, na wenzake wakipata nafasi ya kumzika, humgeuza uso uelekee kijiji cha mama yake. Tafakari, ndugu msomaji. Watu wamechoka, wana njaa, kirongozi anapiga ngoma ya kuondoka, msafara hausubiri mtu. Nao wanasimama kidogo kuulizana: huyu mama yake alikuwa wa wapi? Kisha wanachimba kwa jembe au kwa mikono, na kabla ya kufukia wanamgeuza. Hawakuwa na jiwe wala kalamu. Walichokuwa nacho ni huo mwelekeo, nao walimwandikia nao. Ndiyo hati ya kwanza ya makaburi katika nchi hii, nayo imeandikwa kwa mwili wa marehemu mwenyewe.

Burton huyo huyo asimulia kwamba Waarabu walipoanza kukaa Unyanyembe wenyeji waliwazuia kuzika maiti wao, wakisema wanachafua ardhi, mpaka baada ya mabishano haki hiyo ikapatikana. Kumbe katika mji huu hata kuzika tu kulipiganiwa. Leo tunaiachia haki hiyo bure.

Sasa tutazame makaburi yaliyobahatika. Stanley alipopita hapa mwaka 1871 alikuwa na Mwingereza mmoja aitwaye Shaw, baharia, ambaye aliugua, akarudishwa Kwihara, akafa huko. Stanley aliporudi mapema mwaka 1872 pamoja na Livingstone, aliwatoa watu wake wakasomba mawe mazito na kujenga rundo kubwa juu ya kaburi la Shaw, na Livingstone akasema litadumu mamia ya miaka. Sina ugomvi na Shaw. Alikuwa mtu, alikufa mbali na kwao, alistahili jiwe. Ninauliza tu: wale waliosomba mawe yale wamezikwa wapi? Katika safari ile ile walikufa wapagazi na askari kadhaa wa Stanley. Rundo la mawe ni moja.

Au mfikirie Jacob Wainwright. Huyu alikuwa Myao aliyeokolewa kutoka jahazi la watumwa akiwa mtoto, akasomeshwa Nasik kule India. Livingstone alipofariki katika nchi ya Chitambo, ambayo leo ni Zambia, mwezi wa Mei 1873, wafuasi wake walizika moyo wake chini ya mti, na Wainwright ndiye aliyechonga maandishi katika gome la mti ule: jina la marehemu, tarehe, na majina ya wakuu wa msafara. Kisha yeye na akina Susi na Chuma wakaubeba mwili ule. Walipofika Unyanyembe mwezi wa Oktoba walimkuta Cameron, naye akawashauri wauzike mwili huku huku Afrika. Wakakataa. Waliufikisha pwani, na tarehe 18 Aprili 1874 ukazikwa Westminster, Wainwright akiwa miongoni mwa washika jeneza. Ubao wa mti alioandika ulikatwa baadaye, ukahifadhiwa London katika jumba la Chama cha Jiografia cha Kifalme. Naye mwandishi mwenyewe? Alifia Urambo mwaka 1892, siku chache za mwendo kutoka hapa niliposimama. Nilipokwenda Urambo nikauliza kaburi la Jacob Wainwright, kila mtu alinielekeza kwa Mtemi Mirambo. Si vibaya, Mirambo, aliyefariki Desemba 1884, anastahili kuzuriwa. Lakini mtu aliyewafundisha Wazungu kwamba kaburi la msituni linaweza kuandikwa, sisi wenyewe hatuna hata jina lake vinywani.

Tusidhani kwamba upendeleo huo ulikwisha na misafara. Tarehe 19 Septemba 1916 majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo yaliingia Tabora yakawatoa Wajerumani. Vita ile ilibebwa na vichwa na mabega ya wapagazi. Wajerumani waliwakamata, Waingereza waliwakamata, Wabelgiji waliwakamata. Kwa upande wa Waingereza pekee makadirio mengi hutaja wapagazi wapatao 100,000 waliokufa, zaidi kwa njaa na maradhi kuliko kwa risasi. Kule Dar es Salaam jina lao limebaki katika soko la Kariakoo, ambalo wanunuzi wa mchicha hawajui limetoka wapi.

Mwezi wa Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa taarifa na kuomba radhi. Ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine kufikia 350,000, waliokufa katika kuitumikia himaya, wengi wao wakiwa wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Makaburi ya wazungu yalikusanywa yakawekwa mawe, ya wapagazi yakaachwa yamezwe na pori, na jambo hilo lilikuwa uamuzi, halikuwa bahati mbaya. Niliposoma habari hizo nilishika kichwa. Kisha nikajiuliza: sisi ambao hatuna himaya, tunaowaita marehemu hao babu na bibi, tumefanya nini cha tofauti? Mkoloni aliyaachia pori kwa amri, nasi tumeliongezea mbolea kwa uvivu.

Niwape mfano wa maana ya kuwa na orodha. Mwaka 1968 ilitakiwa barabara mpya ipite katika makaburi ya vita ya Ocean Road, Dar es Salaam. Yalikuwapo makaburi 660. Yalihamishwa, yakapangwa upya mahali pengine, na mpaka leo ukitaka kaburi lililoandikwa jina utaonyeshwa mstari na nafasi. Barabara ilipita na maiti hawakupotea. Au nendeni Tengeru karibu na Arusha, walikokaa wakimbizi wa Kipolandi tangu mwaka 1942. Makaburi ni 149, yana majina, yana uzio, na Wapolandi husafiri kutoka kwao kuja kuyaona. Watu wale walifukuzwa makwao, wakapitishwa Siberia na Uajemi, wakaishi kwenye vibanda vya makuti, na hawakusahau kuandika waliowazika. Wakimbizi waliweza. Sisi tuliokuwa kwetu tulishindwa na nini?

Husemwa kwamba serikali ipo na sheria zipo. Ni kweli, zipo. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inataja makaburi pamoja na majengo na maboma, lakini ulinzi wake wa moja kwa moja ni kwa yaliyofanywa kabla ya mwaka 1863. Yaliyo baada ya hapo hungoja waziri ayatangaze moja moja. Piga hesabu. Shaw alikufa 1871. Mirambo 1884. Mtemi Isike wa Unyanyembe alijilipua na baruti ndani ya boma lake mwezi wa Januari 1893, asiangukie mikononi mwa Wajerumani akiwa hai. Wapagazi wa vita vile walikufa 1914 hadi 1918. Karibu kila kaburi linaloeleza historia yetu ya kuumia na kupigana liko upande usiofaa wa mstari ule. Mwaka 1863 ulipoandikwa ulikuwa umepita kwa miaka mia moja. Sasa imepita zaidi ya miaka mia na sitini, na mstari haukusogezwa.

Sheria nyingine ni ile ya Kuhamisha Makaburi ya mwaka 1969. Hiyo inasema ardhi yenye makaburi ikihitajiwa kwa manufaa ya umma, itolewe taarifa, jamaa wajulishwe, na gharama za kuhamisha na kuzika upya zilipwe. Ni sheria yenye utu. Lakini itamjulisha nani, kama hakuna ajuaye ni kaburi la nani? Kaburi lenye jina huhamishwa kwa heshima na kwa gharama. Kaburi lisilo na jina husawazishwa kwa tingatinga kabla ya chai ya saa nne. Ndiyo sababu nasema orodha si pambo la wasomi. Orodha ndiyo wakili pekee ambaye maiti anaweza kumweka.

Hata Idara ya Mambo ya Kale ikitaka kutusaidia, itaanzia wapi? Tangu mwaka 2006 Tanzania imeiweka njia ya misafara ya watumwa na pembe katika orodha ya awali ya kuomba urithi wa dunia, na vituo vilivyotajwa ni sita: Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Ukifika Kwihara utaonyeshwa tembe alilokaa Livingstone. Ukifika Ujiji utaonyeshwa mwembe na nguzo ya ukumbusho ya pale alipokutana na Stanley. Mtalii atarudi kwao akijua kitanda cha mgeni kilikuwa upande gani. Wenyeji waliokufa kwa maelfu njiani hawamo katika maelezo, kwa kuwa sisi wenyeji hatukuwapeleka.

Najua majibu nitakayopewa, kwa sababu nimekwisha kupewa, barazani na msibani.

La kwanza ni la dini. Mzee mmoja ninayemheshimu aliniambia, "Mwanangu, Mwenyezi Mungu anawajua waja wake. Daftari lako la nini? Na kujengea makaburi kumekatazwa." Nilimjibu kwa adabu, nami narudia hapa. Ni kweli Mungu anawajua. Mimi ndiye nisiyewajua, na nimeamrishwa kuwazuru na kuwaombea. Kuhusu kujengea, sikusema kujenga. Sikusema marumaru wala kuba. Imepokewa kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alipomzika Uthman bin Madh'un aliliweka jiwe kichwani pake kwa mikono yake mwenyewe, ili alitambue kaburi la ndugu yake. Jiwe la kutambulia. Basi mimi naomba hilo hilo, na badala ya jiwe nipeni kalamu.

La pili ni la njaa ya ardhi. Walio hai wanahitaji nyumba, wanasema, na wafu wametosheka. Nami nina wajukuu, najua kodi ya vyumba. Lakini sikuomba kila kaburi libaki palipo mpaka Kiyama. Pengine mengine itabidi yahamishwe. Niombalo ni kwamba yahamishwe kama watu, yasizolewe kama kifusi.

La tatu ni la fedha. Hakuna fungu, wanasema. Fungu la nini? Daftari la kurasa mia mbili ni bei ya soda chache. Vijana wasio na kazi wapo, wazee wenye kumbukumbu wapo ingawa hupungua kila msimu wa baridi, na siku hizi kila mfukoni kuna simu inayopiga picha na kutoa nambari za mahali mtu aliposimama. Tunachanga kwa ajili ya harusi kadi tano kwa wiki moja. Tuseme ukweli, si fedha.

Kwa hiyo ni nini? Hapa ndipo panaponiuma, na ningeweza kupanyamazia kama alivyofanya mama yangu.

Makaburi ninayoyasema yana sehemu mbili. Juu, karibu na miembe, yapo yenye mawe kichwani na miguuni, na machache yana chokaa na mabaki ya maandishi ya Kiarabu. Chini, penye bonde na minyaa, yapo matuta tu, mengi, mengine yamekwisha kulingana na ardhi. Nilipokuwa mtoto mama alinichukua Ijumaa nyingi. Tulipita haraka pale juu, tukashuka. Aliniambia, "Huyu babu yako, huyu bibi yako, huyu ndugu ya bibi yako." Nikamwuliza siku moja kwa nini watu wetu hawakuzikwa pale juu penye kivuli. Akanivuta mkono, akasema mtoto hauliziulizi makaburini.

Mama alifariki. Miaka mingi baadaye shangazi yangu, akiwa kitandani na kila neno likimgharimu pumzi, ndiye aliyeniambia. Baba wa babu yangu aliletwa kutoka Manyema akiwa mtoto, amefungwa. Alikaa Tabora nyumbani kwa bwana, akalima, akapata mke katika nyumba hiyo hiyo, akafa. Watu wa juu walikuwa mabwana. Watu wa chini ndio sisi. "Lakini usiseme, mwanangu," akaniambia. "Una watoto wa kuoza."

Nikatii kwa miaka ishirini na zaidi. Sasa nasema. Watoto nimekwisha kuwaoza, na aliyewaoa asipowapenda kwa sababu ya babu wa babu yao, bora ajulikane mapema.

Hiyo ndiyo sababu, ndugu msomaji. Hatukuandika makaburi kwa sababu tunaogopa yatakayosomeka. Wajukuu wa waliofungwa wanaogopa kuitwa wajukuu wa watumwa. Wajukuu wa waliofunga wanaogopa kuulizwa. Wengine wetu, na ndio wengi, ni wajukuu wa wote wawili, maana tumeoana vizazi vinne, na hatutaki kujua lipi limetoka wapi. Basi tumekubaliana, bila kikao, kwamba nyasi ziote. Kisha mpima ardhi akija tunapiga kelele kwamba hakutuheshimu.

Tunadai, na ni haki yetu kudai, mafuvu ya mababu zetu yaliyoko Ujerumani. Fuvu linalotajwa kuwa la Mkwawa lilirudishwa mwaka 1954. Mwaka 2023 Berlin ilitangaza kwamba mafuvu matatu yaliyochukuliwa sehemu za Kilimanjaro yamelinganishwa kwa vinasaba na jamaa walio hai, na mwaka huo huo rais wa Ujerumani alikwenda Songea akaomba msamaha mbele ya kumbukumbu za mashujaa wa Maji Maji. Nimefurahi. Lakini Mjerumani mwenye hila angeweza kutuuliza: hao tuliowabakishia ninyi mmewafanyaje? Alichochukua yeye alikipa angalau nambari na kabati. Ni aibu kubwa kwamba babu aliyeibwa anaweza kutambuliwa, na babu aliyebaki nyumbani amepotea.

Nisimalize kwa kulaumu tu. Tangu siku ile ya bikoni nimeanza, pamoja na vijana watatu wa mtaa na bibi mmoja ambaye kumbukumbu yake inawashinda wote. Tunakwenda asubuhi mapema, jua likiwa bado limelala, kwa sababu mwanga wa pembeni hutoa herufi ambazo mchana hazionekani. Hatusugui jiwe kwa brashi ya waya wala kulimwagia tindikali, maana jiwe lililosuguliwa hung'aa siku moja na kufutika milele. Tunatoa nyasi kwa mkono. Tunafuata mistari, kila kaburi tunalipa nambari kwenye daftari, si kwenye jiwe. Tunaandika: lina mawe au halina, refu au fupi la mtoto, limeelekea wapi, kuna mti gani karibu, nani anasema ni la nani, na yeye alimsikia nani. Tukikosa jina tunaandika "hajulikani", wala hatubuni. Wakristo tunaowafahamu tumewaomba watazame vitabu vya maziko parokiani. Nakala ni tatu: moja msikitini, moja kwa mwenyekiti wa mtaa, moja nyumbani kwangu. Hatukuomba kibali cha kukumbuka.

Mwelekeo ndio ulionishangaza. Wengi wa kule chini wameelekezwa kibla, kama inavyopasa. Lakini yapo matuta kadhaa, ukingoni kabisa mwa minyaa, ambayo hayakukaa hivyo. Moja limeelekea magharibi, jingine limepinda upande mwingine. Kijana mmoja alitaka kuandika kwamba yalichimbwa vibaya. Nikamwambia andika yalivyo, usiandike vibaya. Sina ushahidi, na sitadai nisichokijua. Lakini nilikumbuka wale wapagazi wakiulizana njiani: huyu mama yake alikuwa wa wapi?

Bikoni bado zipo. Tumepeleka nakala ya daftari kwenye ofisi inayohusika, likapokelewa, likagongwa mhuri, na tumeambiwa tungoje. Tunangoja huku tukiandika. Tumefika nambari 214. Matuta manne ya watu wangu ni nambari 131 hadi 134, na mbele yake nimeandika kwa mkono wangu: moja kati ya haya ni la babu yangu, mwana wa mtu aliyeletwa kutoka Manyema. Lipi, mama alijua.

Ikiwa mama yako yu hai, mchukue Ijumaa hii, au Jumapili, au siku yoyote anayoweza kutembea. Chukua daftari. Akisema mtoto hauliziulizi makaburini, mwombe radhi, kisha mwulize tena.